Kipande kwa Aliye Hai

Wifi yangu wanamwita Wembe, na jina hilo sikumpa mimi, ingawa ningeulizwa ningempa baya zaidi. Walimpa wenzake wa wadi ya wazazi, wauguzi wenye midomo yao, wagonjwa wakalidaka, mpaka mkuu wa wadi mwenyewe, mama mzima mwenye heshima zake, akawa anaita ukumbini: mwiteni Wembe, kuna dawa ya kukata. Ukimwona barabarani huwezi kumdhania. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, viatu vyeupe, mkoba begani, anatembea kama aliyetumwa na anasubiriwa. Hasalimii mtu mara mbili.

Kazi iliyompa jina ni hii. Mwili wa mwanamke una kitu chake chenyewe ambacho saa ikifika hulainisha mlango wa kizazi na kuuamsha mfuko wa uzazi, ukaze na kulegea, ukaze na kulegea, ndio huo uchungu tunaoujua sote. Wenye maarifa yao wakakaa kiwandani wakatengeneza cha mfano wake, wakakitia kwenye kidonge cheupe chenye pembe sita. Lakini wao walikuwa wanatafuta tiba ya vidonda vya tumbo. Kwa hiyo kidonge kikapimwa kwa tumbo la chakula, si kwa tumbo la uzazi, na kwenye pakiti wakachora mama mjamzito wakampiga mstari, maana yake asikiguse. Sasa nenda wadi ya wazazi ukaone ni nani anakigusa. Wifi alinionyesha pakiti tupu siku moja akacheka, na yeye kucheka kwake ni kupumua kwa pua tu.

Mama ambaye mtoto wake yu hai na siku zimepitiliza hapewi kidonge kizima, hapewi hata nusu. Anapewa kichembe. Ukizidisha, mfuko wa uzazi unakaza na hauachii, mtoto anakosa hewa mle ndani, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Vidonge vidogo vilivyopimwa tayari vipo, ila wadini kwao vilikuwa kama mgeni mwenye nafasi yake, anakuja akitaka. Vikikosekana, vinakatwa vile vikubwa, na wa kuvikata alikuwa yeye. Alikuwa wa kwanza kusema kwamba ni njia mbaya, kwamba hakuna mkono wa binadamu wa kugawa kitu kidogo vile kwa haki. Alisema hivyo, kisha akakata, maana mama yupo kitandani na mtoto hangojei meli ya dawa.

Nimemwona akifanya, kwa sababu nilikuwa nawapelekea mashuka niliyoyashona. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na chochote kingine kinacholeta mkate, na kukata nakujua. Alikuwa na kipande cha kioo kisicho na fremu, anakifuta kwa spiriti, anafungua wembe mpya, anaweka kidonge, anagandamiza mara moja. Haburuti. Nusu, halafu nusu ya nusu, halafu tena. Vipande vinalala kwenye kioo kwa mstari, anainama, jicho moja kalifumba, na kile kilichomong'onyoka au kilichozidi wenzake kinakwenda kwenye pipa bila huruma. Mara ya kwanza nilipouona ule mkono nilinyamaza, na mimi kunyamaza ni shughuli.

Tuliishi naye nyumba moja. Ni dada mkubwa wa mume wangu, aliachika zamani, mtoto hakujaliwa, akaja na sanduku lake akapewa chumba cha nyuma, akakaa. Nisiseme uongo, tuligombana. Ana mkono wa birika, Wembe. Mche wa sabuni anaukata kwa uzi, vipande sawasawa, halafu anavifungia kabatini kwake na kunitolea kimoja kimoja kama mimi ni mtoto wa bweni. Vitunguu nikikata vikubwa, anavitoa sufuriani na kuvikata upya. Nikimwambia wifi, hapa si wadini, ananiambia ndiyo maana hapana usafi. Mume wangu, ambaye ni fundi wa mafriji na hapendi kelele zaidi ya zile za mashine, alikuwa akisikia tumeanza anachukua bisibisi yake na kwenda uani kukarabati kitu ambacho hakijaharibika.

Lakini kuna jambo moja nitampa haki yake. Ndoa yetu ilikaa miaka bila mtoto, na wifi yangu hakuwahi kunitupia neno. Mawifi wa wenzangu wamewatoa machozi kwa hilo hilo, mbele za watu. Wangu alinigombeza kwa sufuria iliyoungua, kwa mlango usiofungwa, kwa ulimi wangu. Kwa hilo hakunigusa.

Jioni akirudi hatukumuuliza kazi ilikuwaje. Tulimuuliza, "Leo umekata?" Mume wangu ndiye aliyeanza, kwa utani, ikawa ndiyo salamu ya nyumba. Akisema amekata, maana yake siku ilikuwa na watoto walio hai waliokuwa wanajivuta kutoka, basi tunamtengea chakula pamoja na maneno mengi. Akisema hakukata, tunampisha njia. Maana vidonge vizima vina kazi mbili tu pale kwao, kuzuia damu kwa aliyekwisha kuzaa, na kumtoa mtoto aliyefia tumboni kabla ya miezi yake kutimia. Mtoto huyo hana hewa ya kukosa. Kipande kwa aliye hai, kizima kwa aliyekwisha, alituambia hivyo mezani, mkono ukiwa unakata mkate, akaendelea kuukata.

Basi mimba ikaingia. Sikumwambia mtu mpaka tumbo likasema lenyewe, na wifi alikuwa amejua kabla ya mume wangu, ila alijifanya kipofu. Nilijuaje kwamba amejua? Ugomvi ulikoma. Asubuhi nikiamka nakuta ndoo zimejaa. Kabati la sabuni likaachwa wazi. Nilimwambia mume wangu, dada yako anaumwa, mpeleke hospitali. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mtoto alipokuwa mkubwa wa kutosha, wifi akaanza kuja jikoni na kile kipembe chake cha mbao cha kusikilizia moyo. Ananilaza kwenye mkeka, anainamisha kichwa, sikio la kulia juu ya kipembe, mkono kwenye mshipa wangu. Nisiongee. Nisicheke. Anakaa hivyo, macho kwenye mguu wa meza, kisha anainuka anasema neno moja.

"Yupo."

Ni hilo tu. Hakusema anapiga vizuri, hakusema ana nguvu, hakunipongeza. Anasema yupo, anafuta kipembe, anaondoka. Mume wangu akiwa uani anaita, vipi huko? Naye anajibu yupo. Ikawa kila anaporudi kazini kabla hajavua viatu, kipembe kwanza. Mimi nikaanza kumsubiri, mimi! Namsikia mlangoni naacha cherehani, nakwenda kujilaza mwenyewe.

Ilikuwa mchana wa mapumziko, mwezi wa sita wa mimba. Nilikuwa nimekaa siku nzima sijasikia teke, nikajiambia amelala, ana uvivu wa baba yake. Wifi akainama. Akahamisha kipembe. Akahamisha tena, chini, pembeni, akarudi pale pa mwanzo. Halafu akabadilisha sikio. Hajawahi kubadilisha sikio. Nilimtazama kisogo chake, nywele zilizosukwa vibaya kwa haraka, nikangoja lile neno. Akainuka akafuta kipembe kwa upindo wa gauni lake, akakifuta tena.

Akaniambia nivae viatu.

Njiani mume wangu alikuwa upande wa pili akiuliza kuna nini, kuna nini, na hakuna aliyemjibu. Hospitali wakanipaka ule utomvu wa baridi tumboni, daktari kijana akatembeza kifaa chake, kisha akaugeuza ule uso wa mashine upande wake. Alikuwa mpole. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia pole mama, moyo wa mtoto haupigi. Kifungo cha mkono wa koti lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nikamwambia kaza hicho kifungo, utakipoteza. Akakitazama, akanitazama mimi, hakujua pa kuweka macho.

Watu huuliza ulijisikiaje. Sikujisikia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa, unajua ni wako na hauna habari. Mume wangu alilia ukumbini, nilimsikia, nikawaza kwamba hajala. Daktari akaeleza kwamba ataniandikia vidonge vya kuamsha uchungu, nitazaa kwa njia ya kawaida, ni salama zaidi kuliko kisu. Alieleza yote taratibu. Nilitaka kumwambia asihangaike, dawa hiyo nimekula nayo mezani miaka mingi.

Mkuu wa wadi hakutaka wifi anihudumie. Alisema ndugu hahudumii ndugu, si vizuri, mkono unakuwa mzito. Wifi akasema atanihudumia. Akaambiwa apumzike, wapo wengine. Akasema tena vilevile, kwa sauti ileile, kama hakuambiwa kitu. Wakanigeukia mimi. Nikasema namtaka yeye, na kama si yeye narudi nyumbani. Ndipo wakatuachia.

Asubuhi yake walinipa chumba cha pembeni, kitanda kimoja, meza ya chuma chini ya dirisha, ndoo yenye mfuniko, pazia fupi lililoshonwa na mtu asiyejua kupima. Mama wa chumba cha pili alikuwa katika uchungu, na sauti zake zilipita ukutani. Wifi akaingia amevaa sare, uso mkavu kama siku zote. Akanawa mikono. Akanipa mgongo pale mezani. Nikasikia spiriti, ile harufu yake, na karatasi ndogo ikichanwa. Nikainua kichwa kidogo.

Alikuwa ametoa kioo. Alikuwa anafungua wembe.

Akaweka kidonge, akagandamiza. Nusu. Akakigeuza, akagandamiza tena. Na tena. Akainama, jicho moja amelifumba, akachagua.

Sijui nieleze vipi yaliyonipata. Nilikuwa nimekufa ganzi tangu jana, halafu ghafla damu ikarudi mwilini mwangu yote kwa pamoja, ikauma. Anakata. Wembe anakata. Daktari na mashine yake wamesema wanayoyajua, na mkuu wa wadi amesema yake, lakini huyu ana kipembe chake, huyu amesikia kitu usiku akiwa peke yake na tumbo langu nilipokuwa nimelala. Amewanyamazia. Ndivyo alivyo, haongei mpaka awe na uhakika. Kipande kwa aliye hai. Nilijua fika kwamba mtoto wa miezi sita aliye hai haamshiwi uchungu, anaachwa akae. Nililijua hilo na nikaliweka kando, kama ninavyoweka kando kitambaa nisichokitaka. Nilikuwa na furaha. Naitaja kwa jina lake, ilikuwa furaha, na sijaipata nyingine ya ukubwa ule.

Akaja na kile kichembe kiganjani, akaniambia nikiweke chini ya ulimi, nisikimeze. Kilikuwa na ladha ya chaki yangu ya kuchorea nguo. Nilimtazama machoni ili anipe ishara. Hakunitazama. Nikasema moyoni, sawa wifi, tuwafiche.

Sikumuuliza. Niliogopa nikiuliza litaharibika. Nikalala chali nikangoja teke, mikono yote miwili juu ya tumbo, na wallahi nilisikia. Nilisikia mara kadhaa. Mume wangu akaja akakaa pembeni, macho mekundu, nikamshika mkono nikatabasamu, na yule maskini akaniita jina langu kama anayeniita kutoka mbali. Alidhani akili imeruka. Nikamwambia nenda ukale. Nilitaka kumwambia, na nikaona nimwache, atafurahi zaidi akijionea mwenyewe.

Baadaye wifi akaja na kipande kingine, akanipa, akapima joto, akatoka. Uchungu haukuja. Tumbo lililala tu, kimya. Hilo nalo nikaligeuza ishara, nikasema mtoto anakataa kutoka kwa sababu muda wake bado, ana akili kuliko wao. Yule daktari mwenye kifungo alipita mchana, alikuwa amekishona, vibaya. Akakunja uso kidogo, akasema kwamba alitegemea tungekuwa mbali zaidi kwa saa hizi. Akatoka kwenda kutazama wengine. Nikacheka kidogo chini ya shuka.

Wifi akarudi tena mezani. Spiriti. Karatasi ya wembe. Na hapo uvumilivu ukaniisha, kwa sababu mimi si mtu wa kukaa na neno mdomoni, na nilitaka anisifu kwa kuitunza siri.

"Wifi," nikamwambia, "nimeona unakata."

Mgongo wake ukasimama. Alikaa hivyo, wembe mkononi, anakitazama kioo. Kulikuwa na vipande vinne juu yake, sawasawa, na kimoja kimeachwa pembeni kwa kuzidi. Alivitazama kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta vitu vya mtu mwingine. Kisha akaweka wembe chini, polepole, akaja akakaa kitandani kwangu. Wembe hakai kwenye kitanda cha mgonjwa. Amewafukuza ndugu za watu kwa hilo, miaka yote.

"Nimekata," akasema.

"Kwa hiyo yupo?"

Sijawahi kuuliza kitu kwa sauti ndogo kama ile. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, ile mikono. Akaitazama.

"Hapana, wifi. Hayupo."

"Mbona umekata?"

"Sijui. Nilikuwa nasema moyoni kizima, kizima. Mkono ukakata."

Akaniambia hakujua mpaka niliposema. Vipande vile vilikuwa vidogo mno kwa tumbo la miezi yangu, ndiyo maana lilikuwa limelala. Hakukuwa na madhara, nimepotezewa muda tu. Alisema hivyo, nimepotezewa muda. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kuuchukua ule uso mkavu niupige mpaka utoe kitu. Halafu ile damu iliyorudi asubuhi ikaondoka tena, nikaisikia inavyoondoka, miguuni, tumboni, mikononi, na nikalala pale. Mtoto wangu hakufa jana kwenye ile mashine. Alikufa hapo, kitandani, shangazi yake ameketi pembeni.

Alikwenda mwenyewe kumwambia mkuu wa wadi na daktari. Hakungoja aulizwe, hakutafuta pa kujifichia. Nilisikia sauti zao ukumbini, hazikuwa za ugomvi. Daktari akaja akanieleza tena kwa upole wake kwamba tunaanza upya, na kwamba nikitaka muuguzi mwingine yupo tayari. Mkuu wa wadi alikuwa nyuma yake, hakusema nilikwambia, ingawa alikuwa na haki ya kusema. Nikawaambia ni yuleyule.

Kwa nini? Mume wangu ameniuliza baadaye, na dada zangu pia. Kwa sababu hospitali nzima ile, waliosema hayupo walikuwa wengi. Mkono uliokataa kusema ulikuwa mmoja. Ningekwenda wapi na mwingine?

Akaingia na kidonge kiganjani. Kioo kilikuwa kimeondolewa mezani. Akafungua kiganja karibu na uso wangu, nikione vizuri, pembe zake zote sita.

"Ni kizima, wifi," akasema.

"Nimeona."

Nikakiweka chini ya ulimi. Kilichukua muda kuyeyuka, na muda wote huo alisimama ananitazama, na mimi namtazama yeye.

Usiku siusimulii. Dawa hiyo ina baridi yake, meno yanagongana na wewe unawaka moto, na uchungu wake hauna adabu, hauji taratibu kama mgeni anayebisha hodi. Kulipokucha mtoto alikuwa ametoka. Nilikuwa nimesikia hadithi za wengine, kwamba mtoto wa namna hiyo hufunikwa upesi na kupitishwa mlango wa nyuma, mama asimwone, eti ndiyo huruma. Wifi hakufunika. Akamfuta kwa kitambaa cha uvuguvugu, masikio, katikati ya vidole, kama anavyowafuta wote. Akasema ni wa kiume. Akamlaza kifuani kwangu.

Kitovu kilikuwa bado. Akashika mkasi akauleta, ukafika karibu, ukakaa hewani. Akauleta tena. Mkuu wa wadi akasogea aupokee. Wifi hakumpa. Akanigeuzia mimi ule mkasi, mpini mbele.

"Wewe fundi," akasema. "Kata wewe."

Nikakata. Kitovu ni kigumu kuliko unavyodhani, kinapinga kidogo kama pindo la kitambaa kizito, halafu kinaachia. Nikamrudishia mkasi. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe tulikuwa hatuna la kusemeana.

Damu ilichelewa kusimama, wakanichoma ile sindano ya ukoo uleule wa dawa, inayokaa kwenye baridi, nikatapika mpaka utumbo ukataka kutoka. Friji walimoitoa, mume wangu ndiye aliyelitengeneza mwaka uliopita. Alipoambiwa alitikisa kichwa tu, akauliza kama linapoza vizuri.

Nyumbani nilirudi kwenye cherehani mapema kuliko walivyotaka. Shule zilikuwa zinafungua, na sare haziulizi hali yako. Nikashona. Nilikuwa nashona vizuri, mistari imenyooka, na sikusikia kitu. Watu walikuja na pole zao, nikazipokea, nikawapa viti. Wifi alipewa likizo, akakaa chumbani kwake mlango wazi, haombi chakula, akiletewa anakula. Kabati la sabuni liliendelea kuwa wazi na hilo lilinikera zaidi ya yote. Nilitamani alifunge, anigombeze, anitolee vitunguu sufuriani. Siku moja nilivikata makusudi vikubwa kama viazi. Akavila.

Likizo ikaisha akarudi kazini, kwa sababu kazi ndiyo anayoijua. Jioni akaingia. Mume wangu alikuwa uani, bisibisi mkononi, akamwona, akafungua mdomo kama alivyozoea, akaufunga. Kesho yake vilevile. Wiki nzima wifi alikuwa anarudi na kupita katikati yetu bila kuulizwa kitu, na nyumba ilikuwa kimya hata mashine yangu niliiona ina kelele. Nilijua anangoja. Nilijua mume wangu hatathubutu. Na mimi nilikuwa na hasira na wifi bado, msidhani ilikwisha, ilikuwa imekaa tu pale kifuani, haipandi wala haishuki.

Jioni moja akasimama mlangoni anavua kiatu. Nilikuwa napinda kola. Sikuinua macho.

"Wifi," nikasema, "leo umekata?"

Kiatu kikamponyoka. Nikaendelea kukanyaga pedali.

"Nimekata," akasema. "Wawili. Wamama wawili."

"Na watoto?"

"Wapo."

Nilimchukia kwa neno lile. Lilinichoma palepale lilipokuwa likinituliza, na nilitaka kumwambia asilitamke tena ndani ya nyumba hii maisha yake yote. Nikasimamisha mashine. Mume wangu alikuwa amesimama uani ametulia, anasikiliza.

"Sikukusikia," nikamwambia. "Sema tena."

Akaja karibu, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila.

"Wapo, wifi. Wote wawili wapo."

Nikainamisha kichwa juu ya ile kola, na ndipo nikalia.